Beseni Moja la Dorotea

Dorotea akibisha hodi, anabisha mara moja tu, na kabla hujaitikia ameshaingia anatafuta pa kukaa. Ndivyo alivyoingia wodi ya wazazi ya kituo chetu cha afya alfajiri ya Jumanne ile: beseni kubwa la plastiki kichwani, chupa ya chai mkononi, na nyuma yake mkwewe Minza ameshika kiuno, uchungu umeshamkolea.

"Mwangaluka, nesi," alinisalimia kwa Kisukuma. "Huyu ana wawili. Andaa kila kitu viwili viwili."

Kadi ya kliniki ilikuwa imeshasema zamani kwamba ni mapacha, lakini Dorotea aliitangaza habari hiyo kama ameigundua mwenyewe njiani. Nikampa shikamoo yake, akaitikia marahaba bila kunitazama, maana alikuwa anakagua kitanda. Akabonyeza godoro kwa viganja viwili, akasema litafaa.

Kituo chetu kiko wilaya ya Magu, upande wa ziwani, na watu wa huku wote wanamjua Dorotea. Ni mjane wa miaka sitini na ushee, analima mpunga bondeni ng'ambo ya barabara ya Musoma. Mnunuzi akija na kile kimashine chake cha kupima unyevu, Dorotea anachukua punje moja, anaing'ata, anasema imekauka au bado. Kisha anasubiri mashine ikubaliane naye. Sijasikia mtu aliyewahi kushindana naye akaondoka na furaha.

Na kwa upande wa mapacha ndiyo usimwambie kitu. Uzazi wake wa kwanza ulikuwa mapacha, Kulwa na Doto, na wote wawili wako hai hadi leo, mmoja mwalimu huko Nyegezi na mwingine fundi wa magari. Aliyewafuata akaitwa Shija, kama Wasukuma wanavyomwita anayezaliwa baada ya mapacha, na Shija huyo ndiye mume wa Minza. Kwa hiyo Dorotea alikuja na sheria zake mkononi, na sheria kubwa ilikuwa hii: mapacha hawagawanywi. Ukimnunulia mmoja kofia, unanunua mbili. Hawalali nyumba mbili. Nguo zao ni za wote, zinafuliwa beseni moja, zinaanikwa kamba moja. Kwake yeye, ukiwatenganisha mapacha wachanga, umemfungulia mmoja njia ya kaburini.

Mimi Justa nilikuwa na mwaka wa tatu kazini. Ni mtoto wa Ilemela, jijini Mwanza, nimekulia kwenye mawe na mataa ya uwanja wa ndege, na nilijiona mjanja kuliko bibi yeyote wa bondeni. Nilimpenda, lakini nilimpenda kwa dharau kidogo, kama unavyopenda kitu cha kuchekea. Naisema sasa kwa sababu inahusika.

Wa kwanza wa Minza, naye Kulwa kama kila pacha wa kwanza wa Kisukuma, alizaliwa saa nne asubuhi, kilo mbili na nusu. Doto alifuata baada ya dakika kumi, kilo mbili na gramu mia moja. Wote wa kiume, wote walilia vizuri. Paskazia, mkuu wetu wa wodi, mama wa Kikerewe anayevaa miwani yenye kamba, ndiye aliyewapokea. Alipomaliza alisema jambo moja: upande wa Doto maji ya uzazi yalikuwa mengi kupita kawaida. "Muwaangalie hawa," aliniambia, kisha akapanda gari kwenda kwenye kikao cha wilaya kilichomweka huko mpaka kesho yake. Watoto wakabaki mikononi mwangu na mwa Dorotea.

Tukawaangalia, kila mmoja kwa namna yake. Dorotea alikuwa na vitambaa kumi na kitu alivyochana kutoka kwenye khanga kuukuu, laini kabisa. Akimaliza kumfunga Kulwa anamfunga Doto, akiwafungua anatupa vyote ndani ya beseni, anakwenda bombani kufua. Jioni ile ya Jumanne nilipita na mafaili yangu. Kwenye karatasi ya mtoto mchanga kuna mahali pa kuandika kama amepata choo cha kwanza, kile cheusi kinachonata.

"Bibi, watoto wamepata choo?"

"Wamepata. Cheusi kama lami. Nimefua mpaka kucha zinaniuma."

Nikaweka alama ya vema kwenye karatasi ya Kulwa, nikaweka nyingine kwenye karatasi ya Doto. Sikufungua kitambaa hata kimoja. Jumatano asubuhi niliuliza tena, nikajibiwa vilevile, nikaandika vilevile. Mwandiko wangu ni mzuri, na ulipendeza sana pale kwenye karatasi.

Dorotea hakusema uongo. Beseni lilikuwa na choo kila mara, na kwa mtu ambaye watoto wake wawili ni kitu kimoja, choo cha beseni ni choo cha watoto. Haikumpitia akilini kuuliza ni cha nani. Mimi nilifundishwa kuuliza, nikaona uvivu.

Mchana wa Jumatano Doto alianza kucheua. Mara ya kwanza yalikuwa maziwa tu. Mara ya pili yalikuwa na umanjano. Dorotea alisema mtoto ana pupa, anavuta kuliko tumbo lake, na mimi nikakubali kwa kichwa kama mtu mwenye akili. Tumbo lilikuwa limejaa kidogo upande wa juu. Nikasema ni gesi.

Saa kumi alasiri Paskazia alirudi. Hakuwa hata ameweka mkoba chini alipomwona Minza anamfuta Doto mdomo kwa ncha ya khanga. Akaichukua ile ncha, akaisogeza dirishani.

"Hii ni rangi gani?"

Ilikuwa kijani. Kijani kibichi kabisa, kama maji ya mlenda.

"Justa, mtoto wa siku moja hatapiki kijani," alisema, bila kupandisha sauti. "Hii ni nyongo, na nyongo ikipanda juu maana yake chini hakupitiki. Huyu amepata choo?"

Nikamwonyesha faili, alama zangu mbili za vema zimesimama. Paskazia hakusoma. Alimlaza Doto, akamfungua. Makalio yalikuwa makavu na safi, hakuna alama hata kwenye mikunjo. Akamfungua Kulwa, na kwa Kulwa kulikuwa na ushahidi wa kutosha kijiji kizima. Akageuka kwa Dorotea.

"Mama, hiki choo unachofua, ni cha yupi?"

Dorotea aliinua kitambaa kimoja kutoka kwenye beseni, akakigeuza. "Ni cha wote," alisema, halafu akajisahihisha mwenyewe, taratibu: "Nilidhani ni cha wote."

Kuanzia hapo Paskazia alifanya kazi kama mtu anayepika chakula alichokipika mara mia. Titi likasimamishwa. Mpira mwembamba ukapitishwa puani mwa Doto mpaka tumboni, nyongo ikaanza kutoka nje badala ya kumpalia. Dripu ikawekwa kwenye mkono mdogo kuliko kidole changu gumba. Akapiga simu Bugando, hospitali ya rufaa ya Mwanza, akaeleza kwa sentensi nne, akakata. "Utumbo umeziba tangu tumboni mwa mama, ndiyo maana maji yake yalikuwa mengi," alimwambia Minza, ameketi kitandani kwake ili macho yao yalingane. "Hakuna uliyemkosea. Kuna wataalamu wanaoufungua na kuuunga. Lakini anatakiwa afike leo, akiwa na joto, bila kupaliwa. Hayo matatu ni kazi yetu, na tutayafanya."

Kisha akanipa karatasi ya rufaa niandike. Kalamu ikafika kwenye swali la choo, ikasimama. Nilikuwa nimeshaandika mara mbili kwamba amepata. Nikiandika hapa kwamba hajapata, karatasi zangu mwenyewe zinaniumbua. Nikiandika kwamba amepata, hakuna atakayejua. Wazo hilo lilinijia, na lilikaa kama mgeni anayejua mlango. Paskazia alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Zile alama za mwanzo zikate kwa mstari mmoja, zisomeke. Weka sahihi yako pembeni. Halafu andika kweli."

Nikaandika: hajapata choo tangu kuzaliwa, saa thelathini.

Ndipo Dorotea alipoingilia tena. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshageuzwa mlangoni, na dereva wetu Gidion alikuwa na karatasi ya safari yenye mgonjwa mmoja, mama yake na muuguzi mmoja, ambaye ni mimi. Kulwa, kwa mpango huo, angebaki na bibi yake na maziwa ya kopo.

"Hawagawanywi," alisema Dorotea.

Nilitaka kumkemea. Ilikuwa ni ile kutogawanya iliyotufikisha pale. Nilianza hata kusema, "Bibi, mila hizi..." Paskazia akaniinulia kidole.

"Mama yuko sahihi," alisema. "Kwa sababu nyingine, lakini yuko sahihi. Doto hatanyonya siku nyingi. Titi lisiponyonywa litakauka, na siku akiruhusiwa kunywa hatakuta kitu. Kulwa ndiye wa kulilinda. Wanakwenda wote."

"Karatasi yangu ina mgonjwa mmoja," alisema Gidion.

"Kalamu unayo," alijibu Dorotea. "Andika wawili, na bibi yao." Alikuwa ameshapanda.

Tukaondoka hivyo. Doto alikaa kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, amefunikwa blanketi. Kulwa alikaa kifuani kwa Dorotea, ndani ya blauzi. Mimi nilishika dripu juu kwa mkono mmoja, na kwa mwingine nikawa navuta nyongo kwa sindano ya plastiki kila baada ya dakika chache. Dorotea hakuomba wala hakulia. Alimwelekeza Gidion pa kupita, kwenye barabara ambayo Gidion ameiendesha miaka kumi na mmoja, na ajabu ni kwamba Gidion alimsikiliza.

Daktari bingwa wa upasuaji wa watoto aliyetupokea alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono midogo. Alipiga picha, akaisoma, akasoma barua yetu, kisha akaniuliza kama nina hakika kwamba mtoto hajapata choo kabisa. Nikasema nina hakika.

"Mmenisaidia sana hapa," alisema. "Mngeniandikia kwamba amepata, ningeanza kutafuta maambukizi kwanza, na siku ingepita."

Daktari akamweleza Dorotea, kwa kuwa Dorotea alikuwa amesimama mbele ya kila mtu: utumbo ni kama bomba, la huyu kuna kipande hakikufunguka, juu yake umevimba na chini yake umekonda kama uzi. Atakikata kipande hicho na kuunga pande mbili. Wengine huletwa siku ya tano wakiwa wameishiwa nguvu. Huyu ameletwa mapema, bado analia kwa nguvu.

"Basi ufungue," alisema Dorotea. "Sisi tutakaa hapa."

Walimfungua asubuhi ya Alhamisi. Shija alikuja na basi la kwanza, matope ya shamba bado kwenye viatu, akakaa kwenye benchi la nje. Ilichukua saa mbili na robo. Daktari alitoka akasema kipande kilikuwa kifupi, urefu wa kidole, kilichobaki ni kizima, na kilichobaki sasa ni subira.

Mimi nilirudi kazini, lakini kwetu ni Ilemela, kwa hiyo kila siku yangu ya mapumziko nilipanda kilimani Bugando kuwaona. Siku ya tatu baada ya upasuaji nilimkuta Dorotea kwenye ua wa kufulia ana mabeseni mawili. Alikuwa ameshona uzi mwekundu kwenye pindo la kila kitambaa cha Kulwa na uzi wa bluu kwenye kila cha Doto. Alifua la kwanza, akamwaga maji, akanawa, ndipo akaanza la pili. Akaniona nikitazama.

"Kulala watalala pamoja. Kunyonya watanyonya pamoja. Choo, kila mtu na chake."

Wauguzi wa pale nao walijaribu kumshawishi Dorotea ampeleke Kulwa nyumbani, wodi isijae. Aliwajibu vilevile alivyomjibu Gidion. Minza akawa anamnyonyesha Kulwa upande mmoja na kukamua upande wa pili, na Doto alipoanza kupewa maziwa kwa mpira, matone machache kwanza, halafu kijiko, halafu viwili, yalikuwa maziwa ya mama yake. Siku ya sita kitambaa chenye uzi wa bluu kilipatikana kimechafuka. Dorotea alikizungusha wodi nzima, kitanda kwa kitanda, mpaka muuguzi wa zamu akamwomba akakifue.

Lakini kuna siku nyingine ambayo sipendi kuikumbuka. Mama yake Minza, Rozina, alikuja kutoka Nassa. Alimwangalia mjukuu mwenye plasta tumboni na mpira puani, akamgeukia Dorotea mbele ya wodi yote.

"Ulimnywesha nini mtoto? Mizizi gani uliyomchemshia mpaka tumbo likafunga?"

"Sikumnywesha kitu," alisema Dorotea.

"Uliambiwa na manesi uangalie, wewe ukajifanya unajua. Si ulisema mtoto amepata choo?"

"Nilisema."

Minza alijaribu kueleza aliyoyasema daktari, kwamba ugonjwa ulianza tumboni, lakini hasira haina masikio. Dorotea alibaki ameinama juu ya Kulwa. Na mimi nilikuwa hapohapo, nimesimama karibu na dirisha na mfuko wangu wa machungwa, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kufungua kitambaa na hakufungua. Ningeweza kusema maneno matano. Nilijitia hamnazo, nikasema nachelewa gari.

Walitoka hospitali wiki ya tatu. Maneno yalikuwa yameshatangulia nyumbani: Dorotea alimroga mjukuu kwa ujuaji, Dorotea alimnywesha dawa, Dorotea ana mkosi. Mashambani walimsalimia kwa mbali. Nilisikia yote hayo kituoni, maana hakuna mahali panapojua habari kama foleni ya kliniki. Nilimwambia Paskazia kwamba yananiuma. Alivua miwani, akaifuta, akaniambia kwamba kama yananiuma nina dawa yake mwenyewe, kisha akaniachia zamu ya chanjo.

Miezi miwili baadaye ikawa siku ya kupima uzito. Baraza lilijaa akina mama, wajawazito na mabibi waliokuja kushika watoto. Minza alikuja na mapacha wote wawili. Rozina alikuwepo, amemleta binti yake mdogo mwenye mimba. Nikamning'iniza Kulwa kwenye mizani, kilo tano na robo, kisha Doto, kilo nne na nusu kasoro kidogo, mistari yote miwili inapanda. Doto alinikojolea mkononi. Nilifurahi mno, nikasahau kwamba nina deni.

Dorotea alipanda ngazi ya baraza bila kuombwa, kama kawaida yake. Kelele zikapungua. Nadhani walitarajia ajitetee.

"Mmesema mengi," alianza. "Ya dawa si kweli. Ila liko la kweli, na hilo hamlijui, kwa hiyo nawapa. Nilifua nguo za wajukuu wangu beseni moja. Nikaona choo, nikasema watoto wamepata choo. Kilikuwa cha mmoja. Mwenzake alikuwa amefungwa, na mimi mkono wangu umo ndani ya maji nafua." Alinyoosha mkono huo wautazame. "Mficha uchi hazai, ndiyo maana nasema. Nyinyi wenye wajukuu njiani: siku ya kwanza, mfungue mtoto mwenyewe uone. Kama ni mapacha, kila mmoja na kitambaa chake. Akikosa choo mpaka kesho yake, au akitapika kijani, usichemshe kitu, usingoje kitovu kidondoke. Njoo hapa mbio."

Rozina alikuwa ameinamisha uso. Bibi mmoja akauliza, kwa ukali kidogo, manesi walikuwa wapi wakati huo.

"Nesi aliniuliza," alisema Dorotea. "Nikamjibu vibaya. Nesi hana kosa."

Hakunitazama. Angenitazama ingekuwa rahisi zaidi. Alikuwa amelibeba lake, na sasa analibeba na langu, mbele ya kijiji chake, na alikuwa anakwenda kushuka nalo. Mikono yangu ilikuwa bado imemshika Doto, mkojo wake unanikaukia kwenye mkono wa shati.

"Bibi, si kweli," nilisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga. "Kuuliza hakutoshi. Ilikuwa kazi yangu kuangalia, na sikuangalia. Niliandika kitu ambacho sikukiona, mara mbili."

Paskazia alisimama kwenye mlango wa chumba cha chanjo, hakuingilia. Rozina aliinua uso akaniangalia, kisha akamwangalia Dorotea, na nikaona hasira yake inakosa pa kukaa.

Dorotea alinitazama kutoka juu mpaka chini, kama alivyolitazama godoro siku ya kwanza. Kisha akasogea pembeni, ngazi ikabaki na nafasi ya mtu mmoja.

"Panda, basi," alisema. "Uje na mtoto. Na useme tangu mwanzo, hawa wa nyuma hawakusikia."

Nikapanda, Doto begani, nikaanza kwa kusema jina langu.